Mikono ya Mtu wa Handakini

Siku ile ya keki ya kuniaga, Sammy, wewe na wenzako mliniambia niandike mambo ya kazi, ili mgeni akija pale karakana asome kwanza badala ya kuwasumbua. Nimejaribu. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wangu wa Kiswahili hakuwahi kunisifu, kwa hivyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe. Mambo ya cheo sitayaandika kwa sababu sikuwa nacho. Nilikuwa fundi wa vielelezo, basi. Kwa mgeni asiyejua, kielelezo ni kitu kikubwa kilichofanywa kidogo ili watu wakione chote mara moja. Kanisa ambalo halijajengwa. Ploti za Kiamunyi ambazo mwenye kuuza anataka zionekane zina miti. Tunadanganya kidogo, lakini kwa vipimo sahihi.

Siku ya kwanza nilipewa dodoki. Lile la kuogea. Mzee Okello, aliyekuwa fundi mkubwa wa pale wakati huo, aliniwekea rundo mezani na makasi, akasema nikate miti. Nilikata mpaka vidole vikavimba, nikaichovya kwenye rangi ya kijani, nikaipanga ikauke. Jioni alikuja, akachukua mmoja akauweka kwenye kiganja.

"Mama, huu ni mti gani?"

"Ni mti tu, Mzee."

"Mti tu haujawahi kuota mahali popote," akasema, akaurudisha mezani, akavaa kofia akaenda zake.

Sikumpenda siku hiyo, nasema ukweli. Nilienda nyumbani nikamsengenya kwa mume wangu mpaka ugali ukapoa. Lakini kesho yake nikija kazini nilijikuta naangalia miti ya barabarani kama mtu aliyeibiwa kitu juu yake. Mgunga una ngozi ya manjano na matawi yake yamelala kama sinia. Msaipresi umefunga mwavuli. Mgrevilea unaachia majani chini kama mtu anayechana nywele ovyo. Nilipokata tena, Mzee alichukua miti yangu akaipanda kwenye kielelezo cha shule moja ya Njoro, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwahi kumwonea mtu. Nimeandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Kuhusu vifaa, msihangaike na vya bei. Kibanio changu bora kilikuwa cha kung'olea nyusi. Visu vyangu vilikuwa zile nyembe za daktari wa ng'ombe, zinauzwa agrovet, duka la dawa za mifugo, zinakata plastiki kama siagi na kidole vilevile. Msasa, nunueni ule laini zaidi kuliko mnavyofikiri mnahitaji. Na gundi, hapa nitarudia maneno ya Mzee Okello: usigundishe mpaka mwenye kazi aone. Kitu kikiwa kimeshikiliwa na pini, bado ni swali. Kikigundishwa, umeshajibu, na kukitoa utakivunja.

Mengi nimeyasahau, lakini kuna kazi moja ambayo mmeniuliza sana, hasa wale waliokuja baadaye wakaikuta kwenye maneno ya watu. Ile ya kifaru. Nitaiandika vile ilivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mzee Okello alikuwa amesharudi kwao, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa mezani. Asubuhi moja aliingia mzee mpana wa mabega, kofia ya sufu, koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Alisimama mlangoni kama anangoja kuamrishwa.

"Fundi ni nani hapa?"

"Fundi ni huyu mathe," Sammy akamwambia.

"Huyu?"

"Huyuhuyu, boss. Mwingine hatuna."

Akaniangalia. "Umewahi kutengeneza kifaru?"

"Wengi tu," nikasema. "Mmoja wa kwangu mpaka sasa wageni wanapigia picha."

"Si mnyama, mama. Cha chuma. Cha vita."

Sammy alicheka, nami nikacheka. Mzee hakucheka, na mimi nikaacha. Akavuta stuli akakaa, akatuambia jina lake ni Rono, anakaa karibu na Salgaa, zamani alikuwa mwanajeshi, dereva wa kifaru. Halafu akaeleza anachotaka, na wakati wote alikuwa akiangalia meza, si sisi.

Walikuwa mazoezini, kwenye mvua ya siku nyingi. Kulikuwa na handaki refu limechimbwa, limejaa matope. Yeye alikuwa anasogeza kifaru kando ya handaki, na mbele yake, kwa miguu, alikuwa mwenzake Langat akimwongoza kwa mikono. Langat alikuwa amesimama ndani ya handaki, kwa sababu kule juu hapakuwa na nafasi. Ukingo ukakatika. Kifaru kikateleza, kikaingia. Langat hakutoka.

"Tulitahiriwa pamoja," akasema. "Rika moja, jumba moja la jandoni. Tukaandikwa jeshi siku moja."

Wazee wa jeshi wa upande wao, waliostaafu, walikuwa na ukumbi mdogo wenye picha na kofia za zamani. Mzee Rono alitaka kielelezo kiwekwe pale. Kifaru kiko ukingoni, bado hakijateleza. Langat yuko handakini, mikono miwili imenyanyuliwa, viganja vinavuta kuelekea kifuani. Maana yake, njoo. "Na mimi kichwa changu kiwe nje. Kifuniko cha dereva kimefunguliwa, namwangalia."

"Kwa nini sasa, Mzee, baada ya muda wote huu?" nikauliza. Labda haikuwa kazi yangu kuuliza.

"Kwa sababu mama ya watoto wake anasema nilimuua. Anasema Langat alinisimamisha nikakataa kusimama. Tangu tumzike sijaingia boma hilo. Msichana wa mwisho wa Langat anakaribia kuposwa. Kwetu baba akiwa hayuko, mtu wa rika lake ndiye anakaa pale kiti cha baba. Rika letu hapa karibu nimebaki mimi. Na mwenyekiti wa ukumbi amesema kielelezo hakiingii mpaka huyo mama akione akubali."

Hapo nikaelewa ninaombwa nini. Mtu mwenye urefu wa kidole changu, na mikono yake ndiyo itakayosema nani alimuua nani.

Nilipaswa kukataa? Mpaka leo sijui. Niliikubali kazi.

Mwili wa kifaru tuliutengeneza kwa plaiwudi na mabaki ya plastiki ya mabango ya duka. Mtutu wa mzinga ulikuwa antena ya redio. Minyororo ya magurudumu ilinisumbua sana, mpaka Sammy akaenda kwa fundi wa pikipiki akarudi na cheni ndogo za ndani ya injini, zile zilizochakaa wanazotupa. Tukapanga tatu tatu bega kwa bega, zikawa kama zimezaliwa kwa kazi hiyo. Sammy alitaka kuchapa kila kitu kwa mashine yake inayochapa vitu vya plastiki, na nitakuwa mwadilifu, magurudumu aliyoyachapa yalikuwa ya mviringo kuliko yangu. Nilimwambia hivyo, akajisifu wiki nzima.

Matope ndiyo yalinishinda. Hapa mgeni asome polepole, kwa sababu kosa hili ni letu watu wa hapa. Karakana yetu siku zote ilitumia ule unga mweupe wa mawe unaochimbwa upande wa Gilgil. Ni mwepesi, unapatikana, tunajaza nao kila kitu. Kwa hivyo nilichanganya udongo mwekundu na unga ule na gundi ya mbao, nikajenga handaki zuri, kuta zake zimekatwa kwa kijiko kama jembe, mifuko ya mchanga imepangwa juu. Nilipokuja baadaye lilikuwa limepasuka lote, nyufa kama ufuo wa ziwa wakati wa kiangazi. Ule unga unakunywa maji kuliko mlevi. Ulikunywa maji ya gundi yote, matope yakabaki mifupa.

Nilivunja nikaanza upya. Safari hii nilifanya kama tunavyokandika nyumba kwetu: udongo, mavi ya ng'ombe yaliyochujwa na kitambaa, gundi. Nyuzi za majani zilizo ndani ya mavi zinashika udongo usipasuke. Ndiyo, karakana ilinuka. Ndiyo, kulikuwa na mteja wa jumba la ghorofa aliyeuliza kama mfereji wa choo umepasuka. Lakini lilipokauka halikuwa na ufa hata mmoja, na nilipolipaka vanishi likawa na ule mng'ao wa matope yanayotaka kunyonya buti.

Ni wakati wa matope hayo ndipo Mzee Rono alianza kuja mara kwa mara. Alikuwa anakaa kwenye stuli, tunampa chai, anaangalia tu. Halafu alianza kunirekebisha. Ukingo huo ulikuwa mrefu zaidi. Maji yalisimama hapa. Mifuko hiyo ilikuwa imelowa, ifanye minene chini. Nilimshukuru kwa hayo, kazi ikawa nzuri. Na siku moja, nikiwa natengeneza kile kifuniko cha dereva, bawaba yake ya waya wa shaba, alisema hivi, karibu kwa sauti ya kujiongelesha:

"Mvua ile, mama, ilikuwa inapiga chuma juu ya kichwa changu mpaka sisikii injini. Kama kokoto kwenye debe. Na mimi pale ndani ni mkavu, nina joto, nikamwonea Langat huruma vile analowa."

Nikasema pole. Nikaendelea na bawaba. Akili yangu ni ya polepole, sikuona kitu.

Kesho yake ndipo nilichukua kile kichwa kidogo cha dereva, nikakiweka kwenye tundu lake, kifuniko wazi. Na mkono wangu ukasimama. Kama kichwa kilikuwa nje, mvua ilipigaje chuma juu ya kichwa? Na alikuwaje mkavu?

"Sammy," nikasema, "jana ulimsikia Mzee akisema mambo ya mvua?"

"Ya debe? Nilimsikia. Kwani?"

"Hakuna."

Nilikaa nalo. Niliwaza labda alikuwa anaongea juu ya asubuhi ya siku hiyo, kabla hawajafika handakini. Labda alifungua kifuniko baadaye. Mimi ni nani, sijawahi hata kuingia ndani ya lori la jeshi. Mtu mzima amenieleza alichokiona, na mimi nataka kumhesabia mvua. Lakini kila nilipokiweka kile kichwa mahali pake, kilikuwa kama jino la bandia.

Kabla sijaamua la kufanya, yule mama alikuja. Hakupiga simu. Nilisikia tu sauti mlangoni ikiuliza, "Ndiyo hapa mnatengeneza watu?" Nikageuka nikaona mama mrefu, gamibuti zina udongo wa shamba, kikapu mkononi. Alikuwa Mama Cherotich, mjane wa Langat. Nilimpa kiti akakataa. Alizunguka meza polepole, akainama mpaka pua yake ikakaribia handaki.

"Alikuwa amesimama wapi?"

Nikamwonyesha. Yule mtu mdogo alikuwa amekaa kwa pini, bado hana mikono. Alimwangalia sana.

"Amekuambia uweke mikono vipi?"

Nikamwambia. Sikuona sababu ya kuficha.

"Ikunje juu ya kichwa," akasema. Akaweka kikapu chini, akapishanisha mikono yake mwenyewe juu ya kitambaa cha kichwa, kama msalaba. "Hivi. Simama. Ndiyo alama yao. Langat alikuwa mtu mwangalifu. Huyo alikuwa anapima ukingo wa shimo la choo na fimbo kabla mtoto hajapita. Aite kifaru kwenye ukingo umelowa? Langat?"

"Mama, mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo."

"Na wewe hukuwepo. Mzee Rono ndiye alikuwepo. Na kazi ni yake."

"Kwa hivyo mwenye kazi ndiye mwenye ukweli?"

Alichukua kikapu chake. Mlangoni akageuka.

"Watoto wangu watapita hapo ukumbini mpaka wazeeke. Wajukuu pia. Wataona baba yao alijiitia kifo kama mtu anaita kuku. Fikiria hilo, mama fundi."

Alipoondoka nilitengeneza jozi mbili za mikono. Moja inaita, moja inasimamisha. Waya ndani, pati ya kufinyanga juu, mikono ya koti imekunjika kwenye kiwiko. Niliziweka kwenye vifuniko viwili vya chupa ya maziwa, kila jozi kivyake, na nikazifanya kwa uangalifu sawa. Nilijipima kwa hilo. Nilirudia kidole gumba cha ile jozi ya kusimamisha kwa sababu kilikuwa kibaya kuliko cha mwenzake, na niliogopa mtu aseme nimependelea.

Mzee Rono alipokuja tena, nilingoja Sammy atoke kwenda kununua rangi. Nikamwonyesha kichwa kwenye tundu.

"Mzee, nisaidie hapa. Kifuniko kilikuwa wazi?"

"Nilikuambia wazi."

"Ni vile siku ile ulisema mvua ilikuwa inapiga chuma juu ya kichwa, na ulikuwa mkavu. Nikashindwa kuelewa. Pengine ni mimi."

Aliweka kikombe chini, chai bado imejaa. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyoanza kuchemka pembeni.

"Mimi nimekuja hapa kutengenezewa matope," akasema, "ama nimekuja kushtakiwa?"

"Sijakushtaki, Mzee. Nauliza ili niweke sawa."

"Wewe umewahi kuendesha nini? Mkokoteni?"

"Hata huo sijaendesha."

"Basi weka kile nilichosema."

Akaondoka na kofia mkononi. Stuli ilianguka, hakuiinua.

Siku nyingi zikapita bila neno. Bosi wetu aliniuliza mara kwa mara ile kazi inaisha lini, nami nikamwambia mwenyewe bado anaangalia. Haikuwa uongo wala haikuwa ukweli. Kielelezo kilikaa mezani kimefunikwa gazeti. Nilikuwa nakifunua asubuhi kuangalia kama kuna ufa, na kila nilipofunua nilimwona yule mtu bila mikono, nikajilaumu. Pengine nilikuwa nimemwumiza mzee wa watu kwa neno moja la debe. Pengine alikuwa amelisema vibaya tu. Sammy aliniambia, "Auntie, gundisha vile alisema, mteja ni mteja." Sikumkasirikia. Ni jibu halali, na watu wengi wazuri wangelifuata. Lakini nilikuwa naogopa kugundisha na nilikuwa naogopa kutogundisha, na woga huo ulinifuata mpaka kwenye ibada Jumapili.

Halafu Mzee Rono akapiga simu. Alisema tu kwamba atakuja kuona kazi, na kwamba mwenyekiti amemwambia mama naye atakuja asubuhi hiyohiyo, waone pamoja, yaishe.

Walikuja kila mtu kivyake. Yeye alikaa upande wa dirisha, mama akasimama upande wa mlango, kielelezo katikati. Walisalimiana kwa midomo tu, mikono hawakupeana. Niliondoa gazeti. Kifaru kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea handakini, matope yamepanda magurudumu, maji ya vanishi yamesimama chini. Kifuniko kilikuwa wazi na kichwa kiko nje, kama mteja alivyosema. Vile vifuniko viwili vya maziwa niliviweka mbele.

"Sijagundisha," nikasema. "Hii jozi inaita. Hii inasimamisha. Mimi sijui. Nyinyi semeni."

Mama Cherotich hakungoja. Alinyoosha mkono kwenye ile jozi ya kusimamisha.

"Ngoja," Mzee Rono akasema.

"Ningoje nini tena? Nimengoja tangu mtoto yuko tumboni."

"Ngoja, mama."

Akasimama. Aliinama juu ya kifaru, pumzi yake nzito, nikaogopa ataniangushia kitu. Alipeleka kidole na gumba kwenye lile tundu. Vidole vyake ni vinene, nikamnyooshea kibanio, hakukiona. Alishika kile kichwa kwa kucha, akakitoa, akakilaza mezani. Halafu akasukuma kifuniko kwa gumba. Bawaba ya shaba ililia kidogo. Kikafunga.

"Ilikuwa inanyesha," akasema. "Nilifunga."

Sammy aliacha kupiga msasa. Mama alisema kitu kwa lugha yao, kifupi. Mzee akajibu kwa kirefu, mama akamkata, akajibu tena. Mimi niliangalia chupa ya gundi. Sikuelewa neno na sikutaka kuonekana nataka kuelewa. Halafu mama akanigeukia, kwa Kiswahili.

"Mama fundi, sikia na wewe uwe shahidi. Anasema alifunga. Rono, sasa sema hapa: uliona vipi?"

"Kuna kioo. Dereva anaangalia kwa kioo."

"Haya."

"Kilijaa matope. Nikakifuta. Nilikuwa nafuta kwa ndani, kama mjinga. Matope yalikuwa nje."

"Kwa hivyo uliona mkono wake ukifanya nini?"

Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, utingo wake anapiga ubavu wa bodi, kuja kuja kuja, na nilitamani anyamaze.

"Sikuona mkono," Mzee Rono akasema. "Kabla sijafunga aliniambia nimfuate polepole. Nikajua yuko mbele. Langat akiwa mbele mimi sikuwa na shaka. Niliendesha."

"Na miaka yote hii umesema alikuita."

"Wakubwa waliniuliza, nikasema. Nikasema tena. Nilisema mpaka nikaona."

Mama Cherotich alivuta ile stuli akakaa. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Aliangalia zile jozi mbili kwa muda, kama mtu anayechagua mbegu, halafu akazisukuma zote mbili kwa nyuma ya mkono, akazirudisha kwangu.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Nataka ujue hivyo kwanza."

"Najua."

"Ungekuwa umesimamisha hilo lichuma lako. Ukikosa kuona, unasimama. Hata mtu wa mkokoteni anajua."

"Ndiyo."

"Lakini na mimi pia sikuona mkono." Alisema hilo polepole, na nikaona limemtoka kwa shida, kama mwiba. "Nilisema alisimamisha kwa sababu namjua. Kumjua si kuona."

Alimchukua yule mtu mdogo kutoka handakini, na pini yake, akamweka kwenye kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumgusa isipokuwa mimi.

"Kama wewe uliyekuwa ndani, mkavu, ulishindwa kuona," akasema, bado anamwangalia, "na yeye aliyekuwa nje, mvua yote usoni?"

Mzee Rono alitikisa kichwa.

"Mfanyie mkono mmoja, mama fundi. Umweke hapa." Akaweka kiganja chake juu ya macho, kama mtu anayezuia maji. "Anatafuta kuona. Huo mwingine uwe chini tu. Utaweza?"

"Nitaweza. Mtangoja pati ikauke, lakini."

"Tutangoja."

Nilikata waya. Nikabana viwiko mezani vile Mzee Okello alivyonifundisha, pumzi nje, kisha ndiyo ukate. Wawili hao wamesimama juu yangu, mmoja kila upande, kivuli chao kimeanguka kwenye kazi, na sikuthubutu kuwaambia wasogee. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba jozi zile mbili zilikuwa zinatumia mikono yote, sikuwa nimehitaji kuuliza.

"Anakinga macho na mkono upi?" nikauliza. "Wa kulia ama wa kushoto?"

"Kushoto," wakasema, wote wawili kwa pamoja.

Wakaangaliana.

"Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," Mzee Rono akaniambia taratibu. "Hata jumbani walimchapa, akakataa kubadilika."

"Hata kijiko," mama akasema.

Nikaukunja waya.